Wimbo wa Binti wa Kengele

Nyumbani kwa Mzee Rafaeli,
Mwimbi, Kalambo,
Rukwa.

Jumapili, 6 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Adela,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii uliyoikimbia. Habari za Mtwara? Habari za kazi na za afya? Nasikia unapika hotelini, wewe ambaye hapa nyumbani uliunguza mpaka chai. Natumaini wageni wa huko ni wavumilivu. Natumaini pia unalala vya kutosha, na kile kifua chako kimepata nafuu kwa joto la pwani.

Ukitaka kujua habari zangu, mimi ni mzima wa kusimama. Nikishakaa ndipo mgongo unaponiambia ukweli. Baridi ya mwaka huu imekuja na upepo wake wote, asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole, na kuni zimekuwa mbichi kwa sababu aliyezikata ni mimi na sikuwa na muda wa kuzisubiri zikauke.

Ungekuwa unapokea simu nisingeshika kalamu. Namba yangu umeifunga, ya kaka Yusto umeifunga, na nilipoazima simu ya katekista Kasimiri ulisikia sauti yangu ukakata kabla sijamaliza kusema haloo. Basi, nimeona niandike. Sista Salome anarudi huko kwenu baada ya likizo yake, na ameniahidi kuikabidhi barua hii mkononi mwako. Nimemwambia ukikataa kuipokea akusomee kwa sauti hapo hapo hotelini mbele ya wageni. Amecheka, lakini unamjua Sista Salome, anaweza.

Sijui habari za Baba zilikufikia kwa kiasi gani, kwa hiyo nakuandikia zote toka mwanzo. Baba alianguka wakati wa Kwaresima, siku ya mazoezi ya kwaya pale kigangoni. Ni kiharusi. Upande wa kulia wote ulilala, mkono na mguu, mpaka shavu. Tulimpeleka Sumbawanga juu ya gari la mahindi la jirani, akalazwa, akaruhusiwa, na tangu hapo yuko nyumbani na mimi niko naye.

Kusema kumekatika. Limebaki neno moja tu, na neno lenyewe ni haya. Ukimuuliza kama ameshiba, haya. Ukimuuliza kama anaumwa, haya. Padre alipokuja kumpaka mafuta matakatifu, Baba alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia haya, kama mtu anayemaliza kikao. Nilicheka nikiwa nimeshika mshumaa, Mungu anisamehe. Halafu nikatoka nje nikalia, maana huyu ni mtu aliyekuwa anaongea tangu kuamka mpaka kulala, na akikosa wa kuongea naye anawagombeza kuku.

Siku zangu zinakwenda hivi. Naamka namgeuza Baba, namsafisha, nafua mashuka, nampikia uji wa ulezi, namlisha kwa kijiko, namnyoosha mkono na mguu kama tulivyoelekezwa hospitali, na nikimaliza mashuka yamechafuka tena. Ulezi wa shambani wanajumuiya walitusaidia kuvuna, Mungu awabariki, lakini umelala uani unasubiri kupurwa na unaniangalia kila nikipita. Cherehani yangu iko Sumbawanga imefunikwa kitenge. Shemeji yako Cleophas yuko huko na watoto, anawapikia ugali usioiva na anasema wanaupenda.

Kaka Yusto alikuja kutoka Wampembe na migebuka mikavu. Aliketi kitandani kwa Baba akalia kama mtoto, akaondoka kesho yake kwa sababu boti haikuweza kumsubiri. Samaki tulikula. Yale machozi sikuyaona yakimgeuza mtu ubavu.

Sasa nikwambie kuhusu flash yako. Nilikuwa natafuta matambara ya kumfutia Baba, nikafungua lile begi lako uliloliacha, nikachukua sweta yako ya shule ambayo ilikuwa imekwishaliwa na nondo. Mfukoni mwake nikaikuta, ile nyekundu yenye kamba. Nilikuwa nahitaji kelele yoyote ile, mwenzangu. Nyumba yenye mgonjwa asiyesema inakuwa kimya mpaka unasikia masikio yako mwenyewe. Nikaichomeka kwenye redio ya Baba nikatoka uani kufua.

Weee! Zikatoka zile nyimbo zako za katuni za Kijapani. Gitaa linakwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga, ngoma zinakimbizana, halafu vijana wanaanza kupiga kelele utadhani nyumba inaungua. Nilitaka kurudi ndani kuzima. Lakini mikono ilikuwa na sabuni, nikaona uvivu, nikaacha. Wimbo ulipoisha nikagundua nimefua shuka zima bila kuhema.

Tangu siku hiyo nazisikiliza kila siku, na usinicheke. Nilikuwa nakuona mjinga wewe, unashinda kwenye banda la video la Bundala, unarudi umekariri nyimbo za watu usiowajua kwa lugha usiyoijua, unaziimba mpaka jikoni. Nikikuuliza zinasema nini unaniambia dada, zinasema usikate tamaa. Nikikuuliza umejuaje unasema zinasikika hivyo. Nilikuona huna akili.

Leo nakuelewa. Sielewi neno hata moja, na hapo ndipo raha yake ilipo. Kila anayenisemesha Kiswahili au Kifipa siku hizi kuna kitu anataka. Gaudiosa leta maji, Gaudiosa mzee anaendeleaje, Gaudiosa jumuiya inasali kwako Alhamisi, Gaudiosa watoto wanakuulizia. Hawa vijana wa Kijapani wanapiga kelele mwanzo mpaka mwisho na hawanitumi popote. Wanachangamka tu, na wakichangamka wao na mimi napata kidogo.

Nimeshazigawia kazi. Ule wa wale wakimbiaji wa milimani ni wa kuteka maji, unakwenda nao mpaka bombani na unarudi nao kichwani ndoo isimwagike. Ule wa fundi wa saa mwenye jicho moja, unaoanza polepole halafu ngoma zinaingia kwa kishindo, huo ni wa kumgeuza Baba. Naweka mikono chini ya mabega yake, nasubiri. Ngoma zikiingia nanyanyua. Mwanzoni alinishangaa, siku hizi na yeye anazisubiri, na zikikaribia anashika ukingo wa kitanda kwa ule mkono wake mzima. Mzigo unakuwa nusu.

Wimbo mmoja tu nilikuwa naukwepa. Unaujua ni upi. Ukikaribia nilikuwa nakimbia kuuruka, kwa sababu Baba yuko pale na masikio yake hayakupooza.

Naomba usiikunje barua hapa, maana lazima nirudi kwenye ile siku ya Kipaimara, mwaka juzi. Wewe uliondoka ukiwa na nusu ya habari, na nusu nyingine hata mimi nimeipata juzijuzi tu. Baba alikuwa amekuachia vijana wa kwaya uwafundishe wimbo wa matoleo. Wewe ukachukua ule wimbo wa binti anayebeba kengele mgongoni kuipandisha kijijini kwao mlimani, ukaondoa Kijapani, ukaweka maneno yako ya Kiswahili. Hukumwambia mtu. Na ulivyoimbwa, haki ya Mungu, kanisa lilisimama. Wamama walipiga vigelegele, Askofu akawa anatikisa kichwa kwa kufuata mapigo, na Baba akamnong'oneza Kasimiri kwamba hiyo kazi ni ya binti yake. Nilikuwa nimekaa nyuma yao, nilisikia.

Halafu wale vijana wa mwisho kabisa, wateja wa Bundala, wakaitambua tuni. Ngoma zilipoingia wakapiga kelele kama Bundala anavyopiga akiwa anatafsiri kwenye banda lake, kengele haishuki! Kanisa zima likaangua kicheko. Baba akamuuliza Kasimiri kuna nini, na Kasimiri, ambaye hajawahi kuficha kitu maishani mwake, akamweleza mbele ya madhabahu kwamba huo ni wimbo wa katuni ya kwenye video.

Baba akafumba ngumi, wimbo ukakatika kabla ya ubeti wa pili. Akakwambia utoke kwenye benchi la kwaya ukakae na watu wengine. Wewe hukwenda kukaa na watu wengine, ulipita moja kwa moja mpaka mlangoni, na wiki iliyofuata ulikuwa kwenye basi. Baba akabaki anasema katuni kanisani, katuni kanisani, msimu mzima wa mvua, mpaka mboga zikachoka kumsikiliza.

Ndiyo maana nilikuwa naukwepa. Lakini siku moja mwezi uliopita nilikuwa uani nimezama kwenye beseni mpaka viwiko, redio iko dirishani kwa Baba, na wimbo ukaanza bila mimi kujiandaa. Nikasimama na mapovu yangu nikakimbilia ndani. Nilimkuta Baba amenyanyua mkono wake wa kushoto. Nikadhani ananiambia nizime. Kumbe alikuwa anapiga mapigo, Adela. Kidole kimoja mbele, kama anavyofanya akiwa mbele ya kwaya.

Halafu akaimba.

Sisemi aliguna. Aliimba, na maneno yalikuwa yanaeleweka, ingawa mdomo umekwenda upande. Nimebeba, Bwana, nimebeba, njia yapanda na miguu yashuka. Nikianguka unishike, nikiinuka unishike bado. Maneno yako, yale yale. Mtu ambaye asubuhi hiyo nilimuuliza kama anataka uji akaniambia haya.

Nilipiga magoti pale kwenye sakafu na sabuni yangu. Nikamwambia Baba, sema tena, sema Gaudiosa. Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa, akasema haya.

Tulipokwenda kliniki Sumbawanga nilimweleza yule kijana wa mazoezi ya viungo, nikijua ataniona nimechanganyikiwa kwa uchovu. Hakushangaa. Alisema wapo wagonjwa wa kiharusi ambao kusema kunakatika lakini kuimba kunabaki, na wengine kwa kuimba wanarudisha maneno kidogo kidogo, wengine hawarudishi. Akasema tumwimbishe kila siku na tusimkatishe tamaa. Nikamwambia mwanangu, kwa kuimbisha umempata mwenyewe, mimi niliondolewa kwaya ya watoto kwa sauti mbaya na aliyeniondoa ni huyo huyo mzee unayemwona kwenye kiti.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Baba alikuwa anaimba mpaka ubeti wa pili. Siku ya Kipaimara ubeti wa pili haukuimbwa, yeye mwenyewe ndiye aliyeukata. Ameujulia wapi? Nikamwita Mariana, yule wa sauti ya pili mwenye mdomo wake, nikamkalisha jikoni nikampa kiazi cha moto na nikamwambia hatoki mpaka aniambie.

Alilia kwanza. Kisha akaniambia. Baba alipoona mwaka unapita na wewe hupigi simu, aliwaendea wale vijana wako wa kwaya mmoja mmoja mpaka akaupata wimbo wote, neno kwa neno. Akaupanga upya kwa sauti nne. Kwaresima ilipoanza akaanza kuufundisha kwaya kubwa, milango imefungwa, akawaambia ni kwa ajili ya Pasaka na asisikie mtu ameutaja nje. Mariana anasema aliwaambia hivi: wimbo huu una kosa moja tu, nalo haliko kwenye katuni, liko kwenye besi. Kwa hiyo ukirudi usije na majivuno, besi yako imerekebishwa.

Unakumbuka pale kwenye ubeti wa pili ambapo kwaya inauliza, halafu anajibu mtu mmoja peke yake? Kwaya inasema uko wapi, mbeba mzigo? Na yule mmoja anajibu nipo njiani, nakuja. Mariana aliiomba sehemu hiyo, unamjua asivyoona haya. Baba akakataa. Akasema aliyeuleta wimbo ndiye atakayejibu, na yeye mwenyewe atampigia simu Jumapili ya Matawi. Kwa hiyo kila mazoezi, wakifika pale, Baba ananyanyua mkono juu, kwaya yote inanyamaza, wanasubiri nafasi ya sauti ambayo haipo, kisha anashusha mkono wanaendelea.

Alianguka pale pale, Adela. Mkono ulikuwa juu. Mariana anasema walidhani bado anasubiri.

Nikamuuliza kwa nini mmenificha muda wote huu, mnamwona mtu anavyoteseka hapa. Akasema waliogopa. Baadhi yao waliona kwamba tuni ya katuni imeimbwa ndani ya kanisa, tena Kwaresima, na ndiyo iliyomwangusha mwalimu, wakakubaliana wasiutaje tena wimbo huo. Jamani! Watu wazima wenye rozari shingoni! Nilitaka kuwafokea wote, nikakosa nguvu. Nikamwongezea Mariana kiazi kingine nikamwambia aende zake.

Kasimiri alikuja kuomba radhi siku ya pili kwa kuficha na wenzake, yeye asiyeficha kitu, kofia mkononi, na akaleta mzigo wa kuni kavu. Nimezipokea. Kuni kavu huwezi kuzikataa mwezi huu.

Sasa sikiliza hali ilivyo, maana hapa ndipo nilikuwa nataka kufika tangu mwanzo na nimekuzungusha. Baba haimbi tena nyimbo nyingine zozote. Nimejaribu za Mama Maria, nimejaribu za Krismasi alizozitunga mwenyewe, ananitazama tu. Ni huo mmoja. Kila asubuhi nikishamkalisha anauanza mwenyewe, hata redio ikiwa imezimwa. Ubeti wa kwanza anaumaliza vizuri. Ubeti wa pili anaingia, sauti yake siku hizi ina nguvu kidogo. Uko wapi, mbeba mzigo? Ananyanyua mkono. Ananyamaza. Anaangalia mlangoni.

Nimejaribu kujibu mimi. Nilijibu nipo njiani, nakuja, kwa hii sauti yangu ya bawaba. Akatikisa kichwa, mkono akaubakiza juu. Nimemleta Mariana ajibu, akatikisa kichwa. Nimemfungulia redio ili yule binti wa Kijapani anayeuimba aingie pale mahali pake, ameimba vizuri masikini, Baba akamkunjia uso. Ukimweleza kwamba wewe uko mbali hasikii habari hiyo. Mkono uko juu mpaka unaanza kutetemeka, na mkono wenyewe ndio huo mmoja alionao.

Ikishafika hapo nauchukua nauweka mapajani mwake. Basi anageukia ukutani, na uji hauli. Zamani alikuwa anaugeukia ukuta mpaka mchana, sasa hivi ni mpaka jioni. Amekonda. Yule kijana wa kliniki amemwangalia juzi akaniambia kwa upole kwamba mwili unaweza kusubiri lakini asiyekula hasubiri sana. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza.

Mimi nimechoka, Adela. Sijamwandikia mtu neno hilo, wala Cleophas sijamwambia, maana kila mtu ananisifu kwamba nina moyo na mtu akishasifiwa hivyo anaona aibu kukaa chini. Nimechoka mgongo, nimechoka usingizi, nimechoka hata kuwa mtu mwema. Zile nyimbo zako zinaninyanyua asubuhi, ni kweli, na ninakushukuru, lakini nyimbo zinanyanyua moyo tu, mashuka na Baba bado nanyanyua mimi. Nikisikia wale vijana wanavyopiga kelele kwamba tusikate tamaa, kuna siku nawajibu kwa sauti pale bombani, njooni basi mshike upande wa pili. Watu wa bombani wameanza kuniangalia vibaya.

Sikuiti uje kuomba msamaha. Hilo la Kipaimara mtalimalizana wenyewe, mmoja ana neno moja tu kwa hiyo ugomvi hautakuwa mrefu. Sikuiti uje kukaa milele. Njoo wiki, njoo siku utakazopewa na hao wenye hoteli. Nikiwa na mtu wa kushika upande wa pili nitapura ulezi, nitakwenda Sumbawanga kuwaona wanangu, na nitalala.

Kama huwezi kabisa kuja, fungua namba yangu. Nitaiweka simu sikioni kwake akifika pale. Lakini naona atatikisa kichwa, kwa sababu anaangalia mlango.

Nisikuchoshe. Msalimie mama mwenye nyumba wako, na wale wenzako wa jikoni hotelini, na Sista Salome umpe chai isiyoungua kwa kazi hii aliyonifanyia. Yusto anakusalimu, alinipigia jana akiwa Wampembe na amesema ukija atakuletea migebuka, safari hii nimemwambia alete na mikono. Kasimiri anakusalimu kwa unyenyekevu. Mariana anakusalimu sana na anasema sehemu yako haitamani tena. Bundala naye alipita kumwona Baba, akaleta katuni mpya kwenye flash, akaulizia kama bado unakariri. Cleophas na watoto wanasema shangazi na mama mdogo wengine wote hawajui kuimba.

Mungu akulinde njiani na kazini, akupe afya, na Mama yetu aliyetangulia akuombee huko aliko. Nyumba ni ile ile, mlango wa chumba chako bado unakwama, usukume kwa bega.

Leo asubuhi kabla sijaanza barua hii Baba ameimba tena, na amefika pale. Uko wapi, mbeba mzigo? Mkono umekaa juu, redio nimeizima, kuku wamenyamaza, na mimi nimesimama pembeni na kikombe cha uji kinapoa. Nimeushusha kama kawaida. Njoo umjibu, mdogo wangu, kwa sababu nimechoka kuushusha.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimechoka,

Gaudiosa